Matairi Mawili ya Ndugu Zengo Bundala

Ndugu Zengo Bundala, Bwana Mifugo Msaidizi, ameitumikia ofisi yetu hapa Bariadi kwa miaka ishirini na saba, tangu tarehe 1 Julai 1956 hadi leo, tarehe 30 Juni 1983, anapostaafu kwa umri na kwa heshima. Hilo neno heshima nimeliandika kwa kukandamiza kalamu, maana mwezi uliopita wako waliotaka lifutwe. Watatajwa humu ndani kwa majina yao, na mwandishi naye yumo, kwa hiyo asinune mtu.

Kamati ya sherehe ilitafuta wa kuandika wasifu huu. Wasomi wa ofisi, ambao wana vyeti hata vya kupiga taipu, wote wakawa na shughuli wiki hiyohiyo. Ikabaki kwa mpika chai, Stephania Sayi, mwenye cheti cha kisomo cha watu wazima, wajukuu kumi na mmoja, na miaka kumi na tisa ya kuwachemshia chai hao wasomi. Kama kuna herufi imekaa upande, msomaji ainamishe kichwa.

Ndugu Zengo alizaliwa Mwamapalala na bado anaishi Mwamapalala. Alianza kazi kwenye josho la huko, akihesabu ng'ombe wanaoingia kwenye dawa na kuwakemea wenye ng'ombe waliotaka kupita pembeni. Alipandishwa kuwa mchanjaji, kisha Bwana Mifugo Msaidizi, na kupandishwa kukaishia hapo. Vijana wa chuo walikuja na kupita juu yake kama mbuzi wanaoruka gogo, naye akawafundisha wote jinsi ya kumkamata dume bila kupoteza meno. Wengine leo ni wakubwa mkoani Shinyanga. Hawajaandika hata barua ya kumpongeza, lakini tunajua stempu ni adimu.

Karibu miaka kumi na mitano alikwenda kazini kwa baiskeli. Mwaka 1971 ofisi ikapata pikipiki moja, Honda nyekundu, akapewa yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa anatoka mbali kuliko wote. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mwenye wake wa watu wa kumsalimia njiani, siku ya kwanza aliingia nayo kwenye uzio wa minyaa wa mjini hapa, mbele ya duka la Mzee Gharib, na akatoka na majani kichwani huku akisema amesimama makusudi atazame minyaa.

Pikipiki ile ilikuja na matairi yaliyokwisha kutumika. Yalipokuwa yamelainika, akaambiwa achague mengine. Dukani kulikuwa na aina mbili. Kulikuwa na matairi ya kawaida, yenye vijino vifupi vilivyokaribiana, ya mtu anayekwenda kazini na kurudi nyumbani. Na kulikuwa na mengine yenye meno marefu yaliyoachana kama ya mamba, ya vijana wanaoshindana milimani huko Ulaya, ambao hawana ng'ombe wa kuchanja. Mnajua alichagua yapi. Mzee Gharib, aliyekuwa anauza, alimwuliza taratibu, "Mzee Zengo, unakwenda vitani?" Naye akajibu kwamba njia ya Mwamapalala ina mbuga, na mbuga inataka meno.

Msomaji asiye wa huku aelewe kwamba mbuga ni udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Masika unakuwa unga wa ugali uliokosewa maji. Tairi la meno marefu linauchota udongo huo, linaubeba juu, linaupachika chini ya madigadi, linaubeba tena, mpaka gurudumu haligeuki kabisa hata ulisukume watu watatu. Kila mwanamke wa Mwamapalala aliyewahi kwenda shamba na kandambili anajua habari hiyo. Mtaalamu wetu hakuuliza mwanamke.

Machi mwaka huohuo chambavu, ule ugonjwa unaovimbisha mapaja ya ng'ombe na kuwaua upesi, ikaingia kwenye ng'ombe wa Mwamapalala. Ndugu Zengo akaondoka hapa asubuhi na chanjo ndani ya chupa ya barafu, matairi yanang'aa, sisi tunapunga mikono. Nusu ya njia, kwenye ile mbuga, magurudumu yote mawili yakafunga. Akachokonoa udongo kwa kijiti, akaenda hatua kumi, yakafunga. Akachokonoa kwa bisibisi, hatua sita, yakafunga. Jioni ndipo wanaume wanne walipomkuta, wakaitia ile Honda miti miwili wakaibeba mabegani, wakaimba nyimbo za kumpeleka bibi harusi. Barafu ilikuwa imekwisha. Dawa ilikuwa imepata joto, na mkuu wa wakati ule akakataza isitumike. Nyingine ilikuja baada ya siku nne. Siku hizo nne chambavu haikuwa na pikipiki, lakini ilifika kila mahali. Mitamba kumi na mmoja ilikufa, na miwili ilikuwa yangu, niliyoiweka kwa kaka yangu. Mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe kwapani. Nautaja hapa kwa sababu hakuna ofisi iliyowahi kuutaja.

Sasa sikilizeni alichofanya. Hakuna aliyemwuliza. Watu walisema ni mvua, ni Mungu, ni barafu mbovu ya duka la Wahindi. Ndugu Zengo akaenda kwa miguu kwenye kaya zote zilizofiwa na mifugo, moja baada ya nyingine, akavua kofia mlangoni, akaamkia kwa Kisukuma, akasema, "Mwangaluka. Nimekuja kuwaambia si mvua. Nilichagua matairi vibaya." Kwa kaka yangu nilikuwepo. Nilimwambia maneno ambayo katibu wa kamati amenikataza kuyaandika. Aliyasikiliza yote mpaka mwisho, akaniambia, "Ndiyo, mayu," yaani mama, akaenda kaya inayofuata.

Tangu siku hiyo alianza kusoma tairi kama padri anavyosoma misale. Alikuwa hawezi kuona pikipiki imesimama asiinamie. Alilibonyeza tairi ubavuni kwa kucha. Kucha isipoacha alama, raba imekauka, rudisha. Alilikunja kidogo mikononi atazame kama kuna nyufa nyembamba kama za kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Alisoma namba zilizoandikwa ubavuni, akazilinganisha na za tairi lililotolewa, tarakimu kwa tarakimu, maana kuna wajuaji wanaodhani tairi nene kidogo ni zawadi. Alitazama mshale wa ubavuni, unaoonyesha tairi lizungukie upande gani. Na mwisho alipitisha vidole viwili kati ya tairi na madigadi. Vidole viwili visipopita, alisema, tope halitapita, na tope lisipopita na wewe hupiti. Alitaka vijino vifupi, vilivyokaribiana, visivyobeba shamba la mtu. Hayo ndiyo matairi ya mtu wa kazi. Hayapendezi. Hayamfanyi mwanamume aonekane simba. Yanamfikisha.

Alisema pia kwamba watu hubadilisha la nyuma tu kwa kuwa ndilo linaloisha mbele ya macho yao, la mbele wakaliacha likakauka huku bado lina meno, mpaka siku litakapowalaza kwenye changarawe. Somo hilo tumelisikia hapa ofisini asubuhi, saa ya chai, kwenye mikutano ya chama, na mara moja kwenye msiba, mpaka mfiwa akamwomba anyamaze. Ndugu Shida wa masjala, ambaye hana hata baiskeli, anaweza kuchagua matairi ya pikipiki akiwa amelala.

Lakini miaka kumi na miwili tangu hapo, masika kwa kiangazi, hajachelewa na chanjo hata siku moja. Wakati wa kuhamia vijijini, nyumba zikiwa zimehama na ramani hazijui, aliwatafuta ng'ombe mpaka akawapata. Mwaka jana ugonjwa wa sotoka ulipotishia ng'ombe, alikwenda Mwamapalala, Sola na Ipililo wiki moja, na magari mawili ya wataalamu yakiwa yamekwama nyuma yake. Wataalamu walisema walikuwa wanakagua udongo.

Tuje kwenye mambo ya mwaka huu, mambo yenu na yangu.

Machi, baada ya kungoja kibali miaka miwili, tuliletewa matairi mawili mapya ya ile Honda. Ndugu Zengo aliyakagua kwa saa nzima, kucha, namba, mshale, vidole viwili, akatia sahihi, akayachukua. Mtunza stoo wetu, Ndugu Anatoli, akampa, kisha akaenda likizo yake ndefu Ipililo. Aprili ikapita. Mei ikaingia. Na kila asubuhi Ndugu Zengo alifika kazini juu ya matairi yaleyale ya zamani, laini kama kipara cha mkuu wetu, ambaye najua ataicheka hii kwa kuwa wageni wapo. La nyuma lilikuwa limeshonwa kiraka cha ngozi kwa ndani. Nilikiona mwenyewe. Kilikuwa cha ngozi ya ng'ombe.

Mwaka huu wa msako wa walanguzi mnaujua. Mtu akikutwa na mabati matatu anaulizwa aliyapata wapi, na jibu lisipopendeza analala ndani. Watu wamemwaga hata chumvi. Na hapa ofisini tuna Ndugu Januarius, kijana kutoka chuoni, msomi, viatu vya ngozi, ambaye ndiye atakayerithi pikipiki. Alikwenda kuutazama urithi wake, akaona kipara, akaenda kwenye kitabu cha stoo, akaona sahihi. Alikuwa ameshakwisha kuomba aletewe ya meno marefu, kwa kuwa njia ya Mwamapalala ina mbuga. Hiyo tutairudia.

Basi mkutano ukaitwa. Matairi mapya yalitoka, pikipiki haikuyavaa, yako wapi? Kila mmoja alijua. Yamelanguliwa Lamadi kwa wauza samaki. Hapana, yamekwenda Musoma. Ndugu Shida alikuwa amesikia hata rangi ya gari lililoyabeba. Ndugu Zengo alipoulizwa alisimama, akasema, "Yako mahali pazuri. Anatoli anajua," akakaa. Anatoli alikuwa bado likizo, na hakuna aliyetumwa kumwuliza. Mtu mwenye akili angeeleza zaidi. Huyu alikuwa na miaka ishirini na saba kazini, akafikiri itamtosha kuwa maelezo.

Akaandikiwa barua. Siku kumi na nne ajieleze, ama barua yake ya kustaafu izuiwe na jina lake lipelekwe kwa wale wanaoshughulika na walanguzi. Mtu wa miaka hamsini na mitano, mwenye mke na wajukuu, alikuwa anakwenda kumaliza utumishi wake gerezani kwa ajili ya raba mbili. Lakini barua ilipigwa taipu vizuri sana. Hakuna herufi iliyokaa upande.

Na mpika chai je? Mpika chai alimsimamisha mlangoni, watu wote wanasikia, akamwambia kwamba mwaka sabini na moja aliua mitamba yetu kwa matairi na mwaka huu anatula sisi wenyewe kwa matairi. Akachukua kikombe chake, kile cha bati chenye ukingo wa buluu, akakifunika kifudifudi rafuni. Siku tisa Ndugu Zengo hakunywa chai katika ofisi hii. Hakuna aliyemnyima kwa barua. Alinyimwa kwa kikombe, na kila aliyeingia jikoni alikiona. Alipita asubuhi, akakitazama, akasema, "Mwangaluka, mayu," akaenda kazini. Siku ya tisa aliniamkia vilevile kama siku ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyonikera zaidi.

Siku ya kumi ikatumwa kamati kwenda kupekua nyumba yake: mkuu wa ofisi, mgambo mmoja, na mimi, kwa kuwa mkewe ananifahamu na hawakutaka kupigwa kwa mchi. Tukaondoka na Landrova ya ofisi. Ndugu Zengo alipewa amri afuate kwa pikipiki. Kabla ya kufika nusu ya njia tairi letu likachomwa na mwiba, na la akiba, tulipolishusha, nalo halikuwa na upepo tangu enzi za mkoloni. Tulikaa pale kama mahindi ya kuanikwa mpaka mtuhumiwa akatufikia, juu ya vipara vyake viwili, akashuka, akatoa kiraka na pampu, akatuzibia. Mgambo ndiye aliyempigia pampu. Kisha akatangulia mbele kutuonyesha njia ya kwake, tukamfuata tukampekue.

Mkewe, Bibi Maximiliana, alitupokea na kigoda kwa kila mmoja. Alipoambiwa tulichokuja kutafuta, hakustuka hata kidogo. Alisema, "Mayu, karibu sana. Wachukueni hao wake wenzangu, nimechoka kulala nao nyumba moja." Akatupeleka ghalani. Choroko zake zilikuwa zimetolewa, ziko nje kwenye magunia, kuku wanajichagulia. Ndani, gizani, pakavu, juu ya mbao, yalikuwa yamesimama matairi mawili. Hayakutundikwa, maana tairi likitundikwa linaharibika umbo. Yamefungwa magunia ya pamba. Bibi Maximiliana alisema kila Jumamosi mumewe huingia kuyageuza kidogo ili yasikalie upande mmoja, na kwamba yeye katika ndoa ya miaka thelathini hajawahi kugeuzwa kwa uangalifu kiasi hicho. Mkuu wetu alikohoa muda mrefu.

Stoo ya ofisi yetu ni bati tupu. Ndani yake kuna mapipa ya dizeli na dawa ya josho, na mchana ukiingiza yai utatoka na chakula. Mwaka sabini na tisa matairi mawili mapya yalipasukapasuka humo kabla hayajaona barabara. Sote tulikuwepo, tukasikitika, tukasahau. Yeye hakusahau.

Nilimwuliza pale pale ghalani kwa nini hakuyafunga basi, kwa nini amejitesa miezi mitatu na kiraka cha ngozi. Aliona haya. Alisema, "Mimi njia naijua, mayu, haya mabovu yatanimalizia. Huyu kijana haijui. Apewe yenye meno mazima." Alikuwa amemwambia Anatoli yote kwa mdomo, nini anafanya na kwa nini, na Anatoli akasema sawa, ataandika. Ndugu Anatoli aliporudi alikiri kwamba aliambiwa, na kwamba hakuandika kwa kuwa akili ilikuwa imekwisha kwenda likizo kabla ya mwili. Tunamshukuru kwa ukweli wake. Angekuja nao wiki tatu mapema angetuokolea dizeli.

Ndani ya tairi moja kulikuwa na karatasi, imeandikwa kwa penseli. Ndugu Januarius, hii ni yako, na naiandika hapa ili usiipoteze: "Kwa atakayenifuata. Namba ni ileile, usibadilishane na mtu. Mshale utazame mbele. Funga yote mawili siku moja. Pima vidole viwili. Ikinyesha kubwa, pale mbugani shuka usukume, hakuna tairi linalopashinda, na anayekuambia lipo hajawahi kwenda. Ondoka mapema. Ng'ombe hawasubiri."

Mwenye penseli hiyo nilimjua. Mtu aliyekuja mlangoni kwetu mwaka sabini na moja kusema kosa lake kabla hajaulizwa, mwaka huu tulimdhania ameficha kitu. Tulikuwa na miaka kumi na miwili ya kumjua, tukaenda kusoma kitabu cha stoo.

Barua ile ya kumtaka ajieleze imetolewa kwenye faili lake na kuchanwa, nami nimewashia jiko. Iliwaka vizuri. Ndugu Januarius ameyafunga matairi yale juzi, kwa mikono yake, huku mzee amesimama nyuma anatazama mshale. Lile ombi la meno marefu ameliondoa mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, tulimtazama tu.

Ndugu Zengo, kwa niaba ya ofisi, asante kwa miaka ishirini na saba, kwa ng'ombe waliopona, na hata kwa lile somo la msibani. Msalimie Bibi Maximiliana, mwambie arudishe choroko zake. Tunawaombea uzee wenye maziwa na miguu isiyouma, na njia ya kwenu iwe kavu kila unapoipita.

Wageni watavumilia utaratibu mmoja uliobadilika. Katika ofisi hii chai hutangulia kwa mkuu, miaka yote kumi na tisa. Leo kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu kimesuguliwa kwa majivu, kimekaa wima, na ndicho kitakachojazwa kwanza. Sukari nimeweka ya kwangu. Mzee Zengo asiniambie lolote, anywe.